Dizeli Kiganjani

Aliyenisimulia haya ni mjukuu wangu Sabra. Ilikuwa mwaka 2012, alipokuja likizo kutoka Doha, nasi tumekaa nyuma ya nyumba hapa Korogwe tunapukuchua mahindi. Alisimulia kidogo kidogo. Anasema, anapukuchua gunzi zima, ndipo anaendelea. Sikumharakisha. Mengine aliyaona kwa macho yake, na mengine aliambiwa na Joram, Mkenya mmoja ambaye mtamjua mbele. Mimi nimeyapanga tu yafuatane.

Ni habari ya mkono wa kulia wa kaka yake, Abdulrahman. Yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia, wala mimi sijamuuliza.

Abdulrahman ni mtoto wa mwanangu Mbaruku, aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mbaruku alikuwa fundi wa magari pale njia panda ya Segera, yanapopita malori ya kwenda Moshi, Tanga na Dar. Vyombo hakuwa navyo vingi. Alikuwa na spana zake ndani ya ndoo, na mikono. Likiletwa gari linalovuja dizeli, anafuta injini kwa tambara mpaka ikauke, anasema, "Washa," halafu anapitisha kiganja juu ya mabomba polepole, kama unavyompapasa mtoto kuona kama ana homa. Akisikia unyevu anasema, "Hapa." Na akijikata, maana fundi hujikata kila siku, anamwagia kidonda dizeli, anafunga tambara, anarudi kazini. Pale Segera dizeli ndiyo ilikuwa dawa ya gereji. Mafundi wote walifanya hivyo na vidonda vyao vilikauka, mimi mwenyewe nimewaona. Abdulrahman alikulia hapo, akavichukua vyote viwili, kupapasa na kumwagia.

Huko Doha hakuandikwa fundi. Aliandikwa dereva. Kampuni yao ilikuwa ikipeleka maji ya kunywa na chakula kwa watu wa ujenzi, basi akapewa pikapu nyeupe ya zamani, ya dizeli, mlango mmoja una weupe wake na mwingine una weupe wake. Alfajiri anapakia madumu, jioni anarudisha madumu matupu. Jua la kule Sabra anasema halikupigi kutoka juu tu, linakupiga na kutoka chini, kwenye lami. Tangu alipofika alikuwa akiomba jambo moja, ahamishiwe karakana ya kampuni, iliyoko Sanaiya, ndivyo wanavyoliita eneo lao la viwanda. Ndani ya karakana kuna kivuli, kuna feni, na kuna kazi anayoijua. Alikuwa akimwambia Sabra kwenye simu, "Mimi nabeba maji, dada, na huku nasikia injini za watu zinalia, nazijua zinalilia nini, na siruhusiwi kuzigusa."

Msimamizi wa karakana alikuwa Mhindi wa makamo, jina lake Varghese. Mtu wa maneno machache. Siku moja, wiki inaelekea mwisho, akamwita Abdulrahman, akamwonyesha sakafu chini ya ile pikapu. Palikuwa na doa jeusi.

"Inavuja," Varghese akamwambia. "Jumamosi inakwenda ukaguzi wa serikali. Mafundi wangu hawana nafasi. Itengeneze mwenyewe. Ikipita, njoo uanze kazi hapa. Isipopita, rudi kwenye maji yako."

Basi Abdulrahman akaona mlango umefunguka. Alimpigia Sabra simu akicheka peke yake.

Ijumaa ndiyo siku ya watu wetu kuonana. Sabra alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja huko Al Wukair, na mama mwenye nyumba alimruhusu Ijumaa atoke baada ya sala mpaka kabla ya Magharibi, dereva wao anampeleka na kumfuata. Alikuwa akienda Al Mansoura kwa Bi Saada. Huyu Saada ni Mzanzibari, mama mtu mzima, anatandika vitanda hotelini, na Ijumaa akiwa na zamu ya kupumzika hupika pilau, watu wa kwao wanakusanyika chumbani kwake kula. Hata Joram alikuwa haikosi, ingawa ni Mkristo wa Kakamega. Joram alikuwa mlinzi, anakaa chumba kimoja na Abdulrahman, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Ijumaa hiyo Sabra alipofika aliikuta pikapu nyuma ya jengo la Bi Saada, kwenye uwanja wa mchanga, boneti iko juu. Abdulrahman amevua shati, amebaki na singlendi. Joram amekaa pembeni kivulini, amekunjua boksi la maji akaliweka chini ya makalio yake ili suruali isichafuke.

"Karibu, dada," Joram akasema. "Njoo uone. Gari ya kaka yako inakojoa."

"Wewe kazi yako kulinda," Abdulrahman akamjibu bila kuinua kichwa. "Linda."

"Nilinde nini hapa? Nani ataiba hii? Kwetu gari ikifika hapa tunatoa viti, tunafugia kuku."

"Kuku wenyewe wa kwenu wangeikataa."

"Wangeikataa, kwa sababu ya harufu ya dizeli. Kuku wetu wanajiheshimu."

Sabra anasema walikuwa hivyo siku zote, hawaachi. Alisimama karibu na kaka yake amtazame anavyofanya, maana naye amekulia gereji ile ile. Juu ya injini kuna vimipira vyembamba vinavyorudisha dizeli iliyobaki kutoka kwenye nozeli, zile pua zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Joto lilikuwa limevikausha. Abdulrahman alipokivuta kimoja kilikatika kama biskuti. Akavitoa vyote, akakata mpira mpya kwa kisu, akavipachika kimoja kimoja, akavibana. Kisha akalifuata chujio, akabadilisha mpira wake wa duara uliokwisha pasuka. Akafungua skrubu ndogo ya juu, akawa anabonyeza pampu ya mkono kwa dole gumba, povu linatoka, povu linatoka, mpaka ikaja dizeli tupu isiyo na hewa. Akafunga. Akajipangusa jasho kwa bega.

"Sabra, ingia uwashe."

Sabra akapanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Joram akapiga makofi.

Abdulrahman akainama. Akaona bado tone linaanguka. Akafuata kwa macho tone linatoka wapi, hakuona. Vimipira vilikuwa vikavu, chujio kavu. Ilibaki mabomba ya chuma, yale membamba yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, ambayo ndani yake dizeli inasukumwa kwa nguvu kubwa kabisa. Yote yalikuwa yameloa, huwezi kujua ni lipi linalolowesha mwenzake.

Akafuta yote kwa tambara. Akamwambia Sabra, "Kanyaga mafuta kidogo, usiachie."

Sabra akakanyaga. Injini ikanguruma. Abdulrahman akanyoosha kiganja cha kulia, akaanza kukipitisha juu ya mabomba, polepole, jicho lake limeangalia mbali. Sabra anasema aliinamisha shingo vile vile kama baba yao, mpaka yeye pale kwenye usukani akatabasamu.

"Ah!"

Akaurudisha mkono kwa kasi.

"Nini?" Sabra akauliza.

"Kitu kimenichoma. Zima."

Joram akanyanyua shingo. "Nyigu?"

"Nyigu wa Doha atoke wapi?"

Sabra akashuka. Kaka yake akamwonyesha kiganja. Chini ya kidole cha shahada palikuwa na kitone, kama mtu amegusa kwa ncha ya kalamu. Hakuna damu, na akibonyeza hapaumi. Joram naye alikuja akachungulia, akasema mbu wa Kakamega wanafanya zaidi ya hapo, akarudi kukaa juu ya boksi lake.

Abdulrahman akacheka, akautikisa mkono. Kwa kuwa sasa amejua mahali, akaitazama ile nati ya bomba la tatu akaikuta imelegea. Akaishika kwa spana, akaikaza, akafuta, akamwambia Sabra awashe tena. Wakangoja. Sabra akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga. Abdulrahman akalala chini kabisa akatazama mchanga. Hakuna tone. Wakangoja tena. Hakuna.

Akatoka kule chini amejaa mchanga mgongoni, anacheka kama mtoto. "Imekauka! Joram, imekauka! Wape salamu kuku wa kwenu!"

Kisha akachukua kopo lililokuwa na dizeli ya kusafishia vyuma, akamimina kidogo kwenye kiganja, akasugua pale penye kitone, akajifunga tambara. Hakuna aliyeshangaa. Sabra alimshikia hata kopo.

Dirisha la juu likafunguka, Bi Saada akatoa kichwa. "Nyie watu wa gereji! Pilau limeshapoa na miye mdomo umeshanikauka kwa kukwiteni! Mnakuja, au nimwitie paka?"

Wakapanda.

Waliketi kuzunguka sinia. Bi Saada alimfanya Abdulrahman anawe mara mbili kwa sabuni, akisema pilau lake halitiwi dizeli. Wakaanza kula. Sabra alikuwa upande wa pili, akaona kaka yake anakusanya tonge linamvunjikia. Anakusanya tena, wali unapita katikati ya vidole unarudi kwenye sinia. Kile cha shahada hakikunji.

"Abdulrahman," Bi Saada akasema, "pilau langu limekukosea nini leo?"

"Mkono umelala, Bi Saada. Umechoka na spana."

"Nipe niuone."

"Kula kwanza."

"Nipe mkono, we mtoto, usinibishie kwangu."

Akampa. Bi Saada akaugeuza huku na huku. Vidole viwili vilikuwa vimepauka, havina damu, na baridi. Akamtazama usoni.

"Hivi vimekuwa kama vya maiti aliyekwisha koshwa. Inuka twende hospitali."

Abdulrahman akacheka. "Nikaseme nini? Kwamba nimechomwa na gari? Watanipeleka wodi ya wenda wazimu."

"Lala huko huko wodi ya wazimu, ila mkono upone," Joram akasema, na hapo hakuwa anatania, kwa sababu Sabra anasema aliacha kula. "Buda, hiyo mkono si sawa. Kweli."

"Nimeshatia dawa."

"Dizeli?"

"Baba yangu alitia dizeli miaka yote. Alikufa na vidole vyake vyote."

Hilo ni kweli. Mbaruku alikufa na vidole vyake vyote. Lakini Mbaruku alikuwa akijikata na kumwagia dizeli kwa juu. Sijui kama aliwahi kuingiwa nayo ndani. Labda alikuwa na bahati kila siku ya maisha yake na hakujua kuwa ni bahati.

Abdulrahman hakutaka kulia mkono wa kushoto kwenye sinia la watu. Akasema ameshiba, akanywa maji. Walipofika chini dereva wa kina Sabra alikuwa ameshapiga honi. Sabra akamshika kaka yake bega.

"Kaka, nakuomba. Nenda leo."

"Kesho gari likipita ukaguzi, nitakwenda. Nikienda leo wakanilaza, nani atalipeleka? Watasema si fundi, ni mgonjwa. Nimeomba nafasi hii muda mrefu kiasi gani, Sabra? Wewe unajua."

"Gari likapite, mkono je?"

"Mkono una kitone." Akamsukuma kidogo kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia wakiwa wadogo. "Nenda, madamu wako asikufokee."

Alimpungia mkono wa kushoto. Sabra aliliona hilo wakati gari limekwisha geuka.

Yanayofuata aliambiwa na Joram.

Joram alirudi kutoka lindoni Jumamosi asubuhi akamkuta mwenzake amekaa kitandani, ameushika mkono kama anayelea kitoto. Ulikuwa umevimba mpaka mistari ya kiganja haionekani. Pale penye kitone pamekuwa peusi. Maumivu yalikuwa yameanza, na yalipoanza hayakuja kidogo kidogo. Mdomo wake ulikuwa mweupe. Harufu ya dizeli imejaa chumbani, maana alikuwa ameshamwagia tena.

"Tunaenda hospitali," Joram akasema.

"Ukaguzi kwanza."

"We ni mwenda wazimu?"

"Nisaidie niendeshe, halafu unipeleke popote unapotaka. Nakuapia."

Joram leseni hakuwa nayo. Huko Doha magari yana usukani upande wa kushoto, kwa hiyo gia dereva anaibadilisha kwa mkono wa kulia. Huo mkono ndio ambao haukuwepo tena. Basi wakaenda hivi: Abdulrahman anashika usukani kwa kushoto na kukanyaga klachi, Joram amekaa pembeni ameshika gia. Abdulrahman anasema, "Mbili." Joram anaingiza. "Tatu." Anaingiza. "Rudisha mbili, kuna taa. Mbili, si nne!" Gia ikalia vibaya, gari likaruka. Joram aliniambia kwenye simu siku moja, maana Sabra alitupa tuongee, kwamba pale walicheka wote wawili, wakacheka mpaka mwenzake akaanza kulia, na akajua si kwa kicheko. Basi wakaenda hivyo, Abdulrahman analia na kusema, "Tatu. Nne. Nne hiyo hiyo."

Kwenye ukaguzi mkaguzi aliingia shimoni chini ya gari na tochi. Akapitisha kitambaa cheupe juu ya mabomba, akakitazama. Kikavu. Akabandika karatasi ya mwaka kwenye kioo.

Wakaipeleka karakana. Varghese akatoka nje, akaitazama ile karatasi, akafungua boneti, akatazama vimipira vipya, akagusa nati ya bomba la tatu. Akafunga boneti taratibu.

"Kazi nzuri," akasema. "Kesho njoo uanze." Akanyoosha mkono ampongeze.

Abdulrahman akatoa wa kushoto.

Varghese akautazama ule wa kulia uliofichwa nyuma ya paja. Akaushika mwenyewe, akafungua tambara. Joram anasema alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. Akauliza kwa Kiingereza, na Joram ndiye aliyejibu.

"Bomba la presha?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana. Baada ya sala."

Varghese alichukua ufunguo wa gari lake, akamwingiza Abdulrahman kiti cha mbele, akaondoka akiwa na viatu vya karakana. Njiani ndipo alipouliza kwa nini alitumia mkono. Joram akatafsiri, akatafsiri na jibu, kwamba kwao ndivyo fundi anavyotafuta.

"Unapitisha boksi," Varghese akasema, macho yako barabarani. "Kipande cha boksi. Dizeli inatoboa boksi, unaona tundu. Kila fundi wangu anajua. Nilidhani anajua." Akarudia tena, polepole. "Nilidhani anajua. Hamkuwa na boksi?"

Joram hakutafsiri hilo. Alisema tu, "Lilikuwepo. Nilikuwa nimelikalia."

Hospitali waliwapokea mara moja. Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mrefu, anaongea Kiarabu na Kiingereza. Alichora mstari kwa kalamu kwenye mkono wa Abdulrahman mahali uvimbe ulipofika, juu ya kifundo. Akaeleza kwamba kwenye bomba lile dizeli inatoka kwa nguvu za kupita sindano yoyote. Haikuishia kwenye ngozi. Iliingia ndani, ikapenya katikati ya mishipa na nyama kama maji yanavyoingia mchangani, na kila ilipopita nyama inakufa. Kitone kidogo, hakitoki damu, hakiumi, ndiyo maana watu hulala nacho.

"Kwa nini hakuja jana?" akauliza.

Joram akamuuliza mwenzake, akajibu. "Anasema alitia dawa."

"Dawa gani?"

"Dizeli."

Daktari akamtazama Joram. "Hujamtafsiria vizuri. Muulize tena."

Joram akauliza tena. Abdulrahman akajibu mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani. "Dizeli, daktari. Kwetu ndiyo dawa."

Yule mama hakumfokea wala hakucheka. Aliweka kiganja chake kwenye paji la uso la Abdulrahman, akakaa hivyo kidogo. Halafu akawaambia wauguzi waandae chumba cha upasuaji.

Walimfungua mkono siku hiyo, wakausafisha. Siku iliyofuata wakamfungua tena, nyama ilikuwa inaendelea kufa. Mara ya tatu wakavitoa vidole, cha shahada, cha kati na cha pete, pamoja na kipande cha kiganja kinachovishika. Kikabaki dole gumba upande huu na kidole cha mwisho upande ule, na katikati hakuna.

Sabra alikuwa akipata habari kwa simu, amejificha chooni kwa waajiri wake, kwa kuwa saa za kazi hawakuruhusiwa simu. Alipopata ruhusa ya kwenda kumwona ilikuwa Ijumaa nyingine.

Alikwenda na Bi Saada, aliyebeba pilau ndani ya kopo la bati lililofungwa kwa kanga. Joram walimkuta wodini, ametoka lindoni moja kwa moja, bado na sare yake. Abdulrahman ameegemea mito, mkono umefungwa bandeji nene kama kichwa cha mtoto mchanga, umeinuliwa juu ya mto wake peke yake. Macho yamezama. Joram aliwanong'oneza kwamba tangu vidole vitolewe hajalala usingizi wa kueleweka. Akifumba macho anashtuka.

"Unahisi nini, kaka?" Sabra akamuuliza.

"Nasikia vimeloa," Abdulrahman akasema. "Vile ambavyo havipo. Kama bado vimepita juu ya bomba."

Bi Saada akageukia dirishani.

"Varghese alikuja asubuhi," Abdulrahman akaendelea. "Ameleta maji ya matunda. Alisimama pale, hakukaa. Nikamuuliza gari linaendeleaje. Akasema linawaka vizuri. Nikamuuliza, halivuji? Akasema halivuji, linakwenda kila siku, halitoi hata tone." Akautazama mkono uliofungwa. "Nati niliikaza sawasawa."

"Na karakana?" Bi Saada akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Ameniombea ofisini. Wamemwambia mtu wa mkono huu hawezi kushika spana wala usukani. Nikitoka hapa wananikatia tiketi."

Joram akasema, "Kwa hiyo unaenda kumwona nyanya yako. Mi nabaki hapa na joto na chakula mbaya. Kati yetu nani ana bahati?" Alitaka kuwa yule yule wa siku zote. Kisha akainama akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Bi Saada akafungua kopo. Harufu ya pilau ikaenea. Abdulrahman akatazama wali, akatazama mkono wake wa kushoto, akageuza uso.

"Kula kwa kushoto," Bi Saada akamwambia. "Aliyekuumba anaona. Mwenye dharura ana ruhusa."

"Najua ana ruhusa. Siwezi. Nikiuona unakwenda mdomoni chakula hakipiti."

"Basi chukua kijiko."

"Kijiko nacho kinashikwa na huo huo."

Sabra ndiye aliyeinuka akaenda kunawa, akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akakusanya tonge, akalibana vizuri lisivunjike, akampelekea kaka yake mdomoni. Abdulrahman akafunga mdomo kwanza. Halafu akaufungua.

Alikula polepole. Sabra hakumtazama machoni asije akamtia haya. Anakusanya, anabana, anampa. Anasema alikuwa akiviangalia vidole vyake mwenyewe vinavyokunja, kimoja na kingine, kana kwamba hajawahi kuviona, na aliogopa kuvitazama sana.

Joram, aliyekesha lindoni, aliinamisha kichwa kwenye kiti chake cha plastiki na kofia ya kazi mapajani, akalala wa kwanza. Bi Saada alibakia na tasbihi mkononi. Punje zikawa zinakwenda pole, zinakwenda pole, mpaka zikasimama, kidevu kimeshuka kifuani.

Kopo likaisha. Sabra akampa kaka yake maji, akampangusa midomo kwa pembe ya kanga. Kisha akaushika ule mkono uliofungwa bandeji, kwa mikono yake miwili, bila kuubana, kama mtu anayefunika kitu kisipate baridi.

"Sasa vimekauka?" akamuuliza.

Abdulrahman akafikiri kwa muda. "Kidogo," akasema.

Akafumba macho. Alishtuka mara moja, akafungua, akamwona dada yake bado ameushika, akafumba tena. Pumzi yake ikawa nzito.

Nje jua la alasiri lilikuwa limejaa kwenye pazia. Sabra alijua dereva atakuja kabla ya Magharibi, alijua inampasa ainuke na kukunja kanga na kuosha kopo. Hakuuachia ule mkono. Aliweka shavu lake juu ya shuka, karibu na bandeji, pale penye harufu ya dawa za kweli, naye akalala.